Dawa ya Kifafa Inatayo Shavuni Ni Shughuli Yetu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo baadhi yetu wanafunzi wa zamani tumekuwa tukibishana juu yake. Jambo lenyewe ni hili: vijana wetu wanaosoma ufamasia na kemia, je, yafaa watumie akili na wakati wao kutengeneza utando wa dawa ya kuzima kifafa, utando mwembamba kama karatasi unaobandikwa upande wa ndani wa shavu na kunata hapo mpaka dawa iingie damuni? Wako wasemao kuwa hiyo ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba sisi tusio na vidonge vya kutosha katika zahanati zetu twapaswa kungoja. Mimi nasema sivyo. Kama iko nchi inayohitaji dawa ya namna hiyo, na inayofaa kuifikiria yenyewe, basi ni nchi kama hii yetu. Nitaeleza sababu zangu moja baada ya moja, na wasomaji watapima.

Kwanza yafaa tukumbushane ugonjwa wenyewe, maana wengi hubishana juu ya dawa bila kuujua ugonjwa. Kifafa, ambacho hapa Buganda huitwa ensimbu, ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo hufanya kazi kwa nguvu ndogo ndogo za umeme zinazopita kwa utaratibu kutoka chembe moja kwenda nyingine. Kifafa kinapomshika mtu, chembe nyingi hutoa umeme kwa pamoja, mfano wa darasa ambamo wanafunzi wote wanapiga kelele kwa mara moja hata mwalimu hasikiki. Ndipo mtu huanguka, hukakamaa, hutetemeka na kutokwa na povu. Sababu zake ni nyingi: kuumia wakati wa kuzaliwa, ajali za kichwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, tegu la nguruwe lililoingia ubongoni, na nyingine ambazo hata madaktari hawazioni. Lakini si ugonjwa wa kuambukiza. Hauambukizwi kwa mate, wala kwa povu, wala kwa kula sahani moja. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu milioni 50 hivi duniani wana kifafa, na karibu 80 katika kila 100 wao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo hilo lasema kuwa hata wagonjwa 70 katika 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa vyema.

Mara nyingi kifafa hukoma chenyewe baada ya dakika 2 au 3, na mgonjwa huamka amechoka, hajui lililompata. Lakini kikipita dakika 5 bila kukoma, au kikirudi tena kabla mgonjwa hajapata fahamu, hapo pana hatari. Kadiri dakika zinavyokwenda ndivyo inavyozidi kuwa vigumu kukizima hata kwa dawa, na kikifika nusu saa ubongo wenyewe waweza kudhurika. Sasa nauliza: katika dakika hizo 5 za kwanza, mgonjwa yuko wapi? Hayuko Mulago. Yuko shambani, njiani, kanisani, msikitini, uwanjani, au bwenini saa nane ya usiku. Na aliye karibu naye si daktari. Ni mama yake, au dada yake, au mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeshtuliwa usingizini na kishindo cha mwenzake kuanguka.

Hili ndilo jambo ninalotaka wasomaji walishike kuliko yote. Dawa ya kuzima kifafa haimezwi na mgonjwa kwa hiari yake kama aspirini. Hutiwa na mkono wa mtu mwingine, na mtu huyo aghalabu ana hofu. Basi dawa hiyo haitoshi kuwa na nguvu. Lazima pia iwe rahisi kwa mkono unaotetemeka. Dawa nzuri kupita zote, iwapo aliye karibu hawezi au hathubutu kuitia, ni sawa na ndoo ya maji iliyofungiwa ghalani wakati nyumba inapoungua.

Tutazame njia zilizopo. Ya kwanza ni sindano ya mshipa. Hiyo ni njia ya haraka sana, lakini yataka muuguzi au daktari, na hata wao hutaabika kuutafuta mshipa katika mkono wa mtoto anayetetemeka. Ya pili ni kutia diazepamu kwa njia ya haja kubwa. Njia hii imeokoa wengi, nami siidharau. Hospitalini ni msaada mkubwa. Lakini fikirini kijana wa miaka 15 anavuliwa nguo mbele ya bweni zima. Aliye karibu ataona haya, atasita, na dakika zitapita. Na mgonjwa akiamka na kusikia aliyotendewa mbele ya wenzake, huenda asitake tena kurudi shuleni. Ya tatu ni kutia midazolamu ya majimaji baina ya shavu na ufizi. Hii ni njia ya heshima, na dawa hiyo imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Kidonge cha kumeza sikitaji, maana mtu aliyepoteza fahamu hawezi kumeza, na anayemlazimisha aweza kumpalia.

Kuhusu njia hii ya shavuni hatusemi kwa kubahatisha. Mwaka 1999 madaktari wa Uingereza walichapisha habari za majaribio yao katika shule ya bweni yenye vijana wa kifafa kikali. Midazolamu ya shavuni ilizima vifafa 30 kati ya 40, na diazepamu ya njia ya haja kubwa ilizima 23 kati ya 39. Tofauti hiyo peke yake haikutosha kusema kuwa moja yashinda nyingine, lakini ilionyesha kuwa njia ya shavuni si duni. Kisha ikaja habari iliyo yetu wenyewe. Mwaka 2008 yalichapishwa majaribio yaliyofanywa Mulago, hapa Kampala, kwa watoto 330 walioletwa wakiwa katika degedege lisilokoma, wengi wao kwa sababu ya malaria. Nusu yao walitiwa diazepamu kwa njia ile ya zamani, na nusu midazolamu shavuni. Madaktari walihesabu kuwa dawa imeshindwa kama degedege halikukoma ndani ya dakika 10, au likirudi ndani ya saa moja. Diazepamu ilishindwa kwa watoto 43 katika 100. Midazolamu ilishindwa kwa 30 katika 100. Basi mtu asituambie kuwa elimu ya dawa ya shavuni ni ya wageni. Sehemu yake kubwa ilipatikana hapa hapa, juu ya kilima cha Mulago, kwa watoto wetu na kwa mikono ya madaktari wetu.

Sasa, kama majimaji yanafaa, utando ni wa nini? Jibu liko katika mdomo wa mgonjwa. Mtu mwenye kifafa hutokwa na mate mengi. Majimaji yakitiwa shavuni, sehemu yake hutoka na mate na kulowesha mto, na sehemu nyingine huteremka kooni. Aliyetia hajui ni kiasi gani kilichobaki, naye huingiwa na wasiwasi: aongeze au asiongeze? Tena majimaji yataka chupa na bomba la kupimia, na mtu wa kusoma mistari ya bomba hilo gizani. Utando hauna mistari. Kipande kimoja ni kipimo kimoja. Waweza kukaa ndani ya mfuko wa shati, katikati ya kurasa za daftari, au katika kibeti cha mama. Hauvunjiki wala haumwagiki.

Wasomaji wa kemia watapenda kujua unavyonata. Ndani ya shavu mna ute, nao ute una nyuzi ndefu ndogo sana zisizoonekana. Utando hutengenezwa kwa polima, yaani vitu vyenye molekuli ndefu kama nyuzi, mfano wa selulosi iliyobadilishwa kidogo, au kitosani inayotokana na magamba ya kamba wa baharini. Utando ukigusa mate, hunywa maji na kuvimba, nyuzi zake hulegea na kujisokota pamoja na nyuzi za ute, na baina yao hupatikana vifungo vya haidrojeni. Ndivyo unavyoshika. Dawa hutoka polepole, hupenya ngozi laini ya shavu, na kuingia katika vishipa vya damu vilivyo karibu chini yake. Damu hiyo hurudi moyoni bila kupita kwanza katika ini. Hilo ni jambo kubwa kwa midazolamu, kwa sababu ikimezwa, sehemu yake kubwa huharibiwa katika matumbo na ini kabla haijafika ubongoni.

Jinsi ya kuutengeneza si siri. Huyeyushwa polima katika maji, hutiwa glisirini kidogo ili utando usiwe mkavu na kuvunjika kama jani la mgomba lililokauka, hutiwa dawa, huachwa mpaka mapovu yote yatoke, kisha humiminwa katika sahani iliyo sawasawa na kukaushwa kwa joto la wastani. Ukikauka hubanduliwa na kukatwa vipande. Lakini wepesi huo usitudanganye, maana kazi ngumu iko katika usawa. Tufanye hesabu. Sahani ya duara yenye kipenyo cha sentimeta 10 ina eneo la sentimeta za mraba 78.5 hivi. Tukitaka kila kipande cha sentimeta 2 kwa 2 kiwe na miligramu 10 za dawa, basi kila sentimeta ya mraba yapaswa kuwa na miligramu 2.5, na sahani nzima miligramu 196. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aiweza. Lakini meza ikiinama kidogo tu, upande mmoja utakuwa mnene na mwingine mwembamba, na vipande vilivyofanana kwa macho vitakuwa na dawa mbalimbali. Mtoto mmoja atapata pungufu, kifafa kisizimike. Mwingine atapata kupita kiasi, na dawa hizi zikizidi hupunguza pumzi. Kwa sababu hiyo mfamasia hupima uzito na unene wa kipande baada ya kipande, hupima dawa iliyomo, hukunja utando pale pale mara nyingi aone kama utakatika, hupima asidi yake usije ukachoma shavu, na huubandika juu ya ngozi ya shavu la mbuzi au nguruwe kutoka machinjioni apate kujua nguvu itakiwayo kuubandua. Yote hayo ni kabla ya mwanadamu yeyote kuuweka mdomoni, na baada yake yaja majaribio kwa watu, ambayo hayawezi kurukwa.

Nimesikia hoja tatu za wapinzani, nazo zastahili kujibiwa kwa haki.

Hoja ya kwanza ni kwamba tumefundishwa katika huduma ya kwanza tusitie kitu chochote mdomoni mwa mtu mwenye kifafa. Ni kweli, na fundisho hilo lisiachwe. Kijiko, kipande cha mti, kitambaa, au kidole kikitiwa baina ya meno huvunja meno au huzuia pumzi, na kidole chenyewe chaweza kuumwa vibaya. Lakini utando hauwekwi baina ya meno. Huwekwa nje ya meno, baina ya shavu na ufizi au juu ya shavu lenyewe kwa ndani. Hata hivyo nakubali kuwa meno yakiwa yanasagana ni vigumu, na wakati mzuri kupita wote ni pale mgonjwa anapotulia baina ya kifafa kimoja na kingine. Isitoshe, utando lazima ulowane ndipo utoe dawa; ukikawia mno hautakuwa na maana. Haya si makosa ya kutufanya tuache kazi. Ni maswali ambayo watafiti wetu wapaswa kuyajibu.

Hoja ya pili ni hii: tuna uhaba wa vidonge vya kawaida, iweje tufikirie utando? Hoja hii ina uzito, nami siikatai hata kidogo. Fenobabitoni imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, ni rahisi kwa bei, na bado kuna wagonjwa wasioipata. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa katika nchi maskini wagonjwa watatu katika kila wanne hawapati matibabu yanayowafaa. Kidonge cha kila siku ndicho kinachozuia kifafa kisije, na hakuna utando utakaochukua mahali pake. Tena hauwezi, kwa sababu ya hesabu ile ile. Kipande cha sentimeta 2 kwa 2 chenye unene wa sehemu ya kumi ya milimeta, chote kizima kina uzito wa miligramu 50 hivi. Kidonge kimoja cha kabamazepini huwa na miligramu 200 za dawa peke yake. Haiingii. Utando wafaa kwa dawa kali za kipimo kidogo tu, yaani zile za kuzima kifafa kilichokwisha anza. Basi kidonge na utando si wapinzani. Kidonge ni kufuli la mlango. Utando ni maji ya kuzimia moto. Mwenye nyumba hachagui kimojawapo.

Na tukisema tungoje, tutangoja nini? Huko Marekani utando wa diazepamu umekwisha tengenezwa. Mwezi wa Agosti 2022 wakuu wa dawa wa nchi hiyo waliupa kibali cha muda tu, yaani ulionekana kuwa unafaa lakini haukuruhusiwa kuuzwa, kwa kuwa diazepamu nyingine, ya kupuliziwa puani, ilikuwa na haki ya peke yake ya miaka 7. Mwezi wa Aprili 2024 ulipewa kibali kwa watoto wa miaka 2 hadi 5. Ikiwa nchi yenye viwanda vyote hivyo yaweza kuzuiliwa dawa yake yenyewe kwa mabishano ya haki za biashara, je, sisi tulio mwisho wa foleni tutafikiwa lini, na kwa bei gani? Wala utando uliotengenezwa kwa ajili ya nyumba za kule hautajua jua la Karamoja wala unyevu wa visiwa vya Ssese. Utando hupenda maji. Ndiyo asili yake. Katika hewa yenye unyevu huweza kulainika na kugandana na karatasi yake, na katika ukame huweza kukauka na kukatika. Nani atakayejitaabisha kutafuta polima na kifuniko kinachofaa hapa, kama si mtu anayeishi hapa? Makerere na Mbarara hufundisha ufamasia. Mihogo ya wanga iko tele. Mamlaka ya Dawa ya Taifa ipo kusimamia sheria. Tunalokosa zaidi ni moyo wa kusema kuwa kazi hii yatuhusu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, ingawa hutamkwa kwa sauti ya chini. Wasema: watu wetu hawatamgusa mwenye kifafa hata ukiwapa dawa ya dhahabu, kwa kuwa wanaogopa mate. Naam, hofu hiyo ipo, nayo ni ya zamani. Miaka ya karibu na 1960, daktari Louise Jilek-Aall alipoanza kuwatibu wagonjwa wa kifafa huko Mahenge katika nchi jirani ya Tanganyika, aliwakuta watu wenye makovu makubwa ya moto, kwa sababu walipoangukia mekoni wenzao waliogopa kuwagusa. Wengine walikula peke yao katika vyombo vya peke yao. Na utando, tuseme kweli, wamtaka mtu aguse mate hasa. Kidole kitaingia shavuni na kutoka kimelowa. Basi mtu akitengeneza utando mzuri kupita wote na kuuacha katika nchi yenye hofu hiyo, ametengeneza karatasi tu.

Lakini mimi naiona hoja hii kuwa sababu ya kuanza, wala si sababu ya kungoja. Hofu haiondoki kwa hotuba pekee. Mtu aliyeambiwa “usiogope” lakini hana la kufanya ataendelea kuogopa, kwa maana hofu nyingi hutoka katika mikono mitupu. Mpe jambo moja dogo la kufanya, mfundishe mara tatu, naye atakaribia. Na akikaribia mara moja, akaona mwenzake anafungua macho, wala yeye mwenyewe hakupatwa na kifafa kwa yale mate, hofu yake itapungua kuliko kwa vitabu kumi. Kwa hiyo utafiti wa utando na mafundisho ya watu lazima viende pamoja kama miguu miwili ya mtu mmoja.

Namjua kijana mmoja, katika shule nisiyotaka kuitaja, aliyeanguka bwenini mara mbili katika muhula mmoja. Alikuwa wa tatu katika darasa lake. Walimrudisha nyumbani na barua iliyosema kuwa anawatia wenzake hofu. Hakurudi tena masomoni. Hakuna aliyeandika barua kwa wenzake wenye hofu, ingawa nao walikuwa wagonjwa kwa namna yao, na dawa yao ilikuwa rahisi zaidi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yote yakiwa katika uwezo wa shule yetu tangu muhula ujao.

La kwanza: viranja wote wa mabweni wafundishwe la kufanya. Watazame saa. Waondoe vitu vigumu karibu na mgonjwa. Wamlaze ubavu ili mate yatoke. Wasimfunge wala kumkandamiza. Wasitie kitu baina ya meno. Zikifika dakika 5, aitwe matroni na gari litafutwe, hata kama ni usiku wa manane. Mafundisho haya hayagharimu hata shilingi moja, na siku utando utakapofika utaikuta mikono iliyo tayari.

La pili: mwanafunzi yeyote mwenye kifafa asifichwe wala asifukuzwe. Wazazi wamwambie matroni kwa siri, vidonge vyake vya kila siku vitunzwe na vitolewe kwa saa yake, na kama daktari amemwandikia dawa ya shavuni, iwekwe mahali inapopatikana upesi, wala isifungiwe katika kabati ambalo mwenye ufunguo amelala mjini.

La tatu ni kwa chama chetu cha sayansi. Tengenezeni utando, lakini msitie dawa yoyote, kwani dawa hizi ni za kutumiwa kwa amri ya daktari na si za kuchezea. Chukueni wanga wa muhogo, maji, glisirini na rangi ya chakula. Pikeni mpaka uwe uji mzito unaong’aa, mimineni katika sahani, kausheni, kisha kateni vipande. Pimeni uzito wa kila kimoja. Rangi itawaonyesha palipo penene na palipo pembamba. Andikeni matokeo, kisha badilini kipimo cha glisirini na mjaribu tena, mara moja katika majira ya mvua na mara moja katika kiangazi. Mhariri akikubali, yachapishwe katika gazeti hili, tupate kuona ni kiasi gani unyevu wa kilima chetu wenyewe unavyoharibu usawa. Pengine mtasema huo ni mchezo wa watoto. Sivyo. Mfamasia atakayetengeneza utando wa kufaa Karamoja na Ssese lazima asomee mahali fulani, na aanze na sahani fulani. Sioni kwa nini isiwe ya kwetu.

Nawaomba wanafunzi wa zamani mlio madaktari, wauguzi na wafamasia, msikae kimya. Kama mwaona nimekosa, nikosoeni katika toleo lijalo. Kama mwaona nimesema kweli, njoni Jumamosi moja mfundishe viranja. Kijana atakayeanguka muhula ujao hatatuuliza kama nchi yetu ni tajiri au maskini. Atakuwa chini, saa itakuwa inakwenda, na maisha yake yatakuwa mikononi mwa mwenzake wa kitanda cha pili.

Wako katika kuitumikia shule,

Mwanafunzi wa Zamani